Serikali Inapotwaa Ardhi: Mwenye Hati na Asiye na Hati

Hakuna mji uliojengwa bila kupita katika shamba la mtu. Barabara, reli, hospitali, shule, mabomba ya maji na nguzo za umeme, vyote vyataka mahali pa kukaa, na mahali hapo aghalabu pana mwenyewe. Ndiyo sababu karibu kila nchi ina sheria inayoiruhusu Serikali kutwaa ardhi ya raia, apende asipende, kwa faida ya watu wote. Wachache hubishana juu ya uwezo huo. Ubishi mkubwa upo juu ya mambo mawili: kwanza, ni nani anayehesabiwa kuwa mwenye mali; na pili, atalipwa nini, na lini.

Katika jiji la Nairobi mambo hayo mawili yaonekana wazi katika mitaa miwili ya upande wa magharibi, Kibera na Kawangware. Mtu aweza kutoka mtaa mmoja hadi wa pili kwa miguu kabla jua la asubuhi halijawa kali. Machoni pa mgeni mitaa hiyo yafanana: mabati, vyumba vya kupanga, vichochoro, maduka madogo, wauzaji wa mboga, na watu wengi waendao kazini alfajiri. Lakini machoni pa sheria ni kama nchi mbili. Kawangware, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya ardhi ya watu wenye hati. Kibera, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya ardhi ya Serikali. Tingatinga likija kufungua barabara, ni lile lile moja. Lakini kwa mtu wa Kawangware Serikali inatwaa mali, na kwa mtu wa Kibera Serikali husema inachukua kilicho chake.

MWANZO WA TOFAUTI HIYO

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Asili ya Kibera ni askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, ambao wazee wao walitoka Sudani. Kuanzia mwaka 1904 askari hao na jamaa zao walikaa katika msitu ulio kando ya mji mchanga wa Nairobi, na jina la Kibera latokana na neno lao Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, eneo la karibu ekari 4,200. Askari waliomaliza kazi walipewa vibali vya kukaa na kulima. Vibali hivyo vilikuwa ruhusa tu, havikuwa hati za kumiliki. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibera ulitoka mikononi mwa jeshi ukaingia mikononi mwa watawala wa kiraia, na serikali ya kikoloni ikashikilia kuwa Wanubi ni wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, ambao waweza kuhamishwa.

Baada ya Uhuru mwaka 1963, Ardhi ya Mfalme iligeuka kuwa ardhi ya Serikali ya Kenya, lakini hali ya aliyeishi juu yake haikugeuka sana. Sehemu za ekari zile za zamani zilimegwa kidogo kidogo, na juu yake vikasimama vijiji vya nyumba za kisasa kama vile Jamhuri, Ayany na Olympic. Watu wa makabila yote ya Kenya walikuja kutafuta kazi mjini, wakapanga vyumba katika sehemu iliyobaki. Wanubi hawakuacha kudai. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa, haki ya mali ikiwa mojawapo. Mwezi Juni mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Mwenye kupiga hesabu ataona kuwa hiyo haifiki sehemu moja katika kumi na nne ya ardhi iliyotangazwa mwaka 1918. Hata hivyo ni hati, na miaka zaidi ya 100 ilikuwa imepita tangu wazee wao wafike pale.

Habari ya Kawangware ni nyingine. Kawangware imo katika Dagoretti, iliyokuwa upande wa Kiambu katika eneo la Wakikuyu, ambako ardhi ilishikwa na mbari na jamaa zake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kukusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, kuvipima na kuviandikisha kwa majina ya watu binafsi. Mpango huo ulifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na wako waliopoteza ardhi kwa sababu walikuwa kizuizini au msituni. Lakini walioandikishwa walibaki na kitu ambacho mtu wa Kibera hakupewa: jina katika daftari la ardhi. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa Uhuru, Dagoretti iliingizwa ndani ya jiji. Wenye mashamba wakayagawa, wengine wakauza ploti, wengine wakajenga safu za vyumba vya mabati na mbao vya kupangisha. Shamba likawa mtaa, lakini hati ikaendelea kuwa hati.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya kutwaa ardhi kwa lazima ni ya zamani katika Kenya. Mwishoni mwa karne ya 19, reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, watawala Waingereza waliazima sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1894 ili wapate njia ya kupitisha reli hiyo. Sheria hiyo ya kuazimwa iliendelea kutumika hata baada ya Uhuru, mpaka Bunge la Kenya lilipotunga Sheria ya Kutwaa Ardhi mwaka 1968. Leo mambo hayo yamo katika Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

Kifungu cha 40 cha Katiba chasema kwamba Serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa shughuli ya umma au kwa manufaa ya umma; na ikifanya hivyo, lazima ilipe upesi, fidia kamili iliyo ya haki, na mwenye mali awe na njia ya kwenda mahakamani. Maneno hayo ni ya lazima. Katika kifungu hicho hicho kuna sehemu nyingine inayowahusu watu wakaao katika ardhi kwa nia njema bila ya kuwa na hati. Juu ya hao Katiba yasema kuwa mpango waweza kufanywa wa kuwalipa. Msomaji na apime maneno hayo mawili, "lazima" na "waweza". Katikati ya maneno hayo ndipo ilipo tofauti kati ya mwenye hati na asiye na hati.

JINSI ARDHI INAVYOTWALIWA

Yafaa kila mwenye ploti ajue hatua za kazi hii, kwa maana wengi hushtuka tu siku wanapoona alama nyekundu ya X ukutani.

Idara inayotaka ardhi, kwa mfano ile ya barabara za mijini, haitwai yenyewe. Hupeleka maombi yake kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Tume ikiridhika kuwa shughuli hiyo ni ya umma, hutangaza kusudi la kutwaa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na nakala ya tangazo hupelekwa kwa yule ambaye jina lake limo katika daftari. Baada ya siku zisizopungua 30 Tume hufanya baraza la uchunguzi, nayo hutangaza baraza hilo siku zisizopungua 15 kabla yake. Hapo kila mwenye haki katika ardhi hiyo huitwa aeleze haki yake na kutoa dai lake kwa maandishi. Asiyefika wala asiyetuma dai amejifungia mlango mwenyewe.

Baada ya baraza, Tume huamua fidia ya kila mtu na kumwandikia. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2017, fidia huanza na bei ya ardhi na majengo katika soko, kisha huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Tuseme, kwa mfano, ploti yenye vyumba imethaminiwa kuwa shilingi 4,000,000. Asilimia 15 ya hizo ni shilingi 600,000. Kwa hiyo jumla ni shilingi 4,600,000. Ikiwa kipande tu kimechukuliwa, na kilichobaki kimeharibika kwa sababu hiyo, hasara hiyo nayo hutazamwa. Kadhalika gharama za kuhama makao au mahali pa biashara zaweza kudaiwa.

Walakini neno "upesi" lina habari yake. Marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2019 yalieleza kuwa kulipa upesi ni kulipa ndani ya muda wa kadiri, usiozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Maana yake ni kwamba mtu aweza kutoka katika ploti yake leo, akakaa miezi mingi bila fedha mkononi, na sheria ikawa haijavunjwa. Mwenye kutegemea kodi ya vyumba kumi kulipia watoto shule ataona mara moja uzito wa jambo hilo. Marekebisho hayo pia yaliruhusu fidia itolewe kwa njia nyingine zaidi ya fedha, kama vile kupewa ardhi mahali pengine, na yaliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya wasioridhika.

Iko haki nyingine ambayo wachache huijua. Ikiwa ardhi imetwaliwa kwa kazi fulani, kisha kazi ile ikaachwa, sheria yataka mwenye ardhi wa kwanza au warithi wake wapewe nafasi ya kwanza ya kuirudisha, wakitoa fidia waliyolipwa. Jambo hili lawekwa ili shughuli ya umma isiwe kisingizio cha kumpatia mtu mwingine shamba la jirani yake.

TINGATINGA KATIKA KIBERA

Sasa na itazamwe Kibera. Siku ya Jumatatu, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia kubomoa nyumba zilizokuwa katika njia ya barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Barabara ya Lang'ata. Nyumba za maelfu ya watu zilivunjwa, pamoja na shule na makanisa. Mapatano yalikuwa yamefanywa mwezi huo huo kati ya idara ya barabara, Tume ya Taifa ya Ardhi na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kwamba watu wahesabiwe na uwekwe mpango wa kuwahamisha. Watu walihesabiwa, lakini matingatinga yalitangulia mpango. Hapakuwa na baraza la kupima bei ya kila nyumba, wala asilimia 15 ya usumbufu. Kwa hesabu ya sheria ya kutwaa ardhi, hapana kilichotwaliwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya umma tangu mwanzo.

Wako waliosema kuwa barabara ile ilihitajiwa, na neno lao lilikuwa na haki. Jiji lenye msongamano wa magari lapoteza saa za wafanyakazi wake kila siku, na mtu wa Kibera mwenyewe hupanda basi lile lile linalokwama. Lakini kuhitajiwa kwa barabara hakuondoi swali la pili: kwa nini gharama yake iwaangukie wale walio na kidogo kuliko wote? Aliyejenga chumba cha udongo na mabati kwa akiba ya miaka mitano amepoteza mali ya kweli, hata kama udongo ulio chini ya chumba hicho si wake. Na aliyekuwa akipanga amepoteza makao, jirani, shule ya watoto na njia ya kwenda kazini kwa miguu.

SHERIA YA WASIO NA HATI

Isidhaniwe kuwa asiye na hati hana ulinzi wowote. Mwaka 2016 Bunge liliongeza katika Sheria ya Ardhi vifungu vya kuwaondoa watu katika ardhi. Kwa ardhi ya umma, ilani lazima itolewe miezi mitatu au zaidi kabla ya siku ya kuondolewa. Itangazwe katika Gazeti Rasmi, katika gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na katika redio kwa lugha ya mahali hapo. Wanaokuja kubomoa lazima wajitambulishe na kuonyesha amri yao. Maofisa wa Serikali wawepo. Na kazi ifanywe kwa njia inayolinda utu na uhai wa watu, hasa watoto, wazee, wanawake na walemavu.

Mahakama nazo zimesogeza mambo mbele. Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson palikuwa na kijiji kilichoitwa Mitumba, chenye watu zaidi ya 15,000. Mwezi Septemba 2011 walipewa ilani ya siku 7 waondoke. Walikwenda Mahakama Kuu wakapata amri ya kuzuia, lakini mwezi Novemba kijiji kilibomolewa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa haki zao zilivunjwa, mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 11 Januari 2021 mahakama hiyo ilitoa hukumu yenye maana kubwa. Ilisema kuwa watu wasio na ardhi, wakikaa katika ardhi ya umma na kufanya makao hapo, hawapati hati ya ardhi, lakini wanapata haki ya makao inayoweza kulindwa na mahakama. Wakiondolewa, mahakama yaweza kuamuru walipwe, au wapewe mahali pengine pa kukaa, au amri nyingine ya haki.

Hukumu hiyo haikujenga upya hata nyumba moja ya Mitumba, na iliwachukua watu karibu miaka kumi kuipata. Lakini imeweka msingi. Tangu siku hiyo, afisa anayesema kuwa mtu wa ardhi ya umma ni mvamizi tu asiyestahili kitu, anasema kinyume cha mahakama iliyo juu ya nyingine zote katika Kenya.

Tena uko mfano katika Kibera yenyewe wa kuonyesha kuwa jambo hili lawezekana. Mwaka 2004 watu waliokaa na kuuza kando ya reli walipewa ilani waondoke, ili ziachwe mita 30 kila upande wa njia. Watu walilalamika, na badala ya kubomoa, shirika la reli lilifanya mpango wa kuwahamisha kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Walioathirika walihesabiwa mmoja mmoja, ukuta ukajengwa wa kuitenga reli, na kando yake zikajengwa nyumba na vibanda vya biashara kwa ajili yao. Mpango huo ulichukua miaka mingi, na malalamiko hayakukosekana juu ya majina yaliyoandikwa na yaliyoachwa. Hata hivyo watu hao, kama wale wa mwaka 2018, hawakuwa na hati, na ardhi ilikuwa ya umma. Kilichokuwa tofauti ni kwamba mpango ulitangulia tingatinga.

YAMPASAYO MWENYE HATI NA ASIYE NAYO

Mwenye hati wa Kawangware asilale kwa kuwa ana karatasi sandukuni. Katika jamaa nyingi hati imo katika jina la babu aliyekufa zamani, na watoto hawajakwenda mahakamani kufanya urithi. Tangazo la kutwaa likitoka, nakala hupelekwa kwa marehemu, na fedha hukwama hapo huku ndugu wakigombana. Kufanya urithi mapema ni kazi ya siku za amani. Tena ni vema ploti iliyonunuliwa kwa karatasi ya makubaliano tu, kama ilivyo desturi ya wengi, ihamishwe katika daftari kwa jina la mnunuzi. Na anayenunua achunguze asili ya hati. Mwaka 2023, katika kesi ya ardhi ya pwani ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kuwa hati iliyotolewa kinyume cha sheria juu ya ardhi ya umma haimlindi hata aliyenunua kwa fedha zake, na Katiba hailindi mali iliyopatikana kwa njia isiyo halali. Mtu wa namna hiyo aweza kubomolewa bila fidia, akawa sawa na asiye na karatasi kabisa.

Asiye na hati, naye ana kazi yake. Aweke kila kithibitisho cha kukaa kwake: risiti za kodi na za umeme, kadi za kliniki, barua za shule na za chifu. Watu wanapohesabiwa, awepo nyumbani, ahakikishe kuwa jina lake na namba ya kitambulisho vimeandikwa sawasawa, na adai nakala. Ilani ikitoka, ihesabiwe miezi yake. Ikipungua mitatu, ni haki ya wakazi kwenda mahakamani, na kwenda wengi pamoja ni rahisi kuliko kwenda mmoja mmoja. Wahenga walisema umoja ni nguvu, na katika mashauri ya ardhi maneno hayo ni kweli tupu, kwa kuwa gharama ya wakili ikigawanywa kwa watu mia huwa nyepesi.

Mpangaji, awe wa Kawangware au wa Kibera, ndiye anayesahauliwa zaidi. Fidia ya ardhi humwendea mwenye ardhi. Lakini baraza la uchunguzi liko wazi, na mwenye kiosk, fundi cherehani au mama mwenye hoteli ndogo aweza kuandika hasara yake na kuipeleka. Aweza kukataliwa, lakini asiyeandika hata hakataliwi, kwa maana hajulikani kuwa alikuwapo.

Serikali nayo ina wajibu ulio mkubwa kuliko wote. Jiji litaendelea kukua, na barabara zitazidi kuhitajiwa. Gharama ya barabara haiishi katika saruji na lami. Imo pia katika nyumba iliyovunjwa. Ikiandikwa katika makisio tangu siku ya kwanza, italipwa na umma wote utakaoitumia barabara hiyo. Isipoandikwa haitoweki: hulipwa na jamaa iliyolala nje usiku ule na magodoro yake.